Filamu ya Kupimia Wachumba

Mimi ni msusi. Niliishia darasa la saba, nikaingia saluni kazi yangu ikiwa kuchemsha maji ya kuchovyea rasta, na baada ya mwaka mmoja nikapewa kiti changu mwenyewe. Sasa ni mwaka wa saba nasimama nyuma ya vichwa vya watu. Ukisimama hapo muda mrefu unajua mambo ambayo mwenye kichwa hajakwambia. Mtu akitaka kulia, shingo hulegea na kichwa huwa kizito mkononi. Akiwa na hasira, ngozi ya juu ya masikio hucheza, kwa sababu anauma meno. Usoni anaweza kuwa anatabasamu kabisa.

Saluni yetu ina televisheni, na mwenye saluni hupenda filamu za kulia. Mtoto amepotea, mama anamtafuta miaka kumi, mvua inanyesha, wanakutana mlangoni. Wateja wanalia, wanainama kujifuta macho, na mstari niliokuwa nausuka unakwenda upande. Mimi silii. Wenzangu wamenipachika jina la Macho Makavu na sijalikataa.

Ninazopenda mimi ni zile ambazo watu huziita za giza. Wanadhani napenda damu. Damu siipendi, hata kuku nachinjiwa. Ninachopenda ni kwamba filamu hizo hazinibembelezi. Kwenye za kulia, kinanda kinaanza kabla mtu hajaumia, kama jirani anayekugusa kiwiko akikwambia sasa lia. Za giza zinakuonyesha jambo, halafu zinakuachia mwenyewe ulibebe. Mama yangu alipougua nilikuwa darasa la tano, na hakukuwa na kinanda. Kulikuwa na ndoo, kulikuwa na vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na mimi katikati nilikwenda shule nikarudi. Hata siku aliyopona hakuna aliyelia. Tulifua mashuka.

Mchumba wangu ni kinyume changu. Ni fundi wa mafriji, na wote tunamwita Fundi, hata mama yake. Siku ya kwanza kumwona alikuwa amelala chali nyuma ya friji la saluni, bisibisi mdomoni, anatazama televisheni kwa upande, machozi yanamwingia masikioni. Nilicheka. Yeye naye akacheka huku analia, bisibisi ikamdondokea kifuani. Tukaanzia hapo.

Tulikuwa na mwaka na nusu pamoja alipokuja kuniambia kwamba mama yake anataka kuniona.

"Jumamosi mchana," akasema. "Watakuwepo wote. Tutakula, halafu tutatazama filamu."

"Filamu gani?"

"Ya baba."

Nilikuwa nimeshaisikia. Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na alikufa lori lilipopinduka kwenye mteremko, Fundi akiwa na miaka kumi na miwili. Kuna filamu moja aliyoileta nyumbani mwenyewe, na tangu afe, kila anayetaka kuingia katika familia ile huketishwa sebuleni akaonyeshwa. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo. Ilianza kwa kaka mkubwa kumwonyesha mchumba wake kwa mapenzi tu, mchumba akalia, mama mkwe akamkumbatia, ikawa ndivyo. Msichana aliyekuwa na Fundi kabla yangu alishika simu wakati wa sehemu ya kulia. Hakufukuzwa. Hakuitwa tena, basi.

"Kwa hiyo ni mtihani," nikasema.

"Si mtihani."

"Yule wa kabla yangu alipata ngapi?"

Akanitazama. "Wewe tazama tu. Itakuingia. Hata mawe yangelia."

Nilijijua. Nilimpenda Fundi na nilitaka kuolewa naye, si mwingine, na jambo lililokuwa kati yangu na hilo ni machozi ambayo sina.

Alhamisi yake, mke wa kaka mkubwa alikuja saluni. Tulikuwa tumeonana mara mbili tu. Aliketi kwenye kiti changu akasema nimpunguzie ncha, na ncha zenyewe hazikuhitaji kupunguzwa. Wenzangu walipotoka kwenda kula, akafungua mkoba akatoa kikopo kidogo cha dawa ya kuchua, ile ya kijani ya mafua.

"Kidogo tu, mdogo wangu. Chini ya ukucha. Yule mzee wa kwenye filamu akigonga mlango, unajifanya unajikuna jicho."

"Dada, na wewe ulitumia?"

"Mimi niligundua. Mke wa wa pili nilimfundisha mimi. Mume wa wifi yetu alizidisha, macho yakavimba, mama akasema huyu ana huruma kupita wote."

"Wifi anajua?"

"Wifi?" Akafunga mkoba. "Wifi akijua, tutarudishwa kwetu wote na vyombo vyetu. Yule ndiye anayekaa anatazama nyuso. Filamu ameimaliza zamani, kazi yake ni nyuso."

Nikachukua kikopo.

Jumamosi nilivaa gauni la mikono mirefu, na nilipofika kwenye kona ya mtaa wao nikasimama, nikachota dawa nikaisukuma chini ya ukucha wa kidole kidogo cha kulia. Ukucha mrefu ninao huo mmoja. Ndio wa kazi: wengine hugawa nywele kwa chanuo la mkia, mimi chanuo naona linaumiza vichwa vya watu wazima, basi hugawa kwa ukucha.

Nyumba yao ina sebule pana, makochi yamefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, picha ya marehemu juu ya televisheni. Tulikula. Niliulizwa maswali ya kawaida, nikajibu. Mama yake Fundi ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, hamkatizi mtu. Tulipokwisha kuosha vyombo na kaka mkubwa akawa anachomeka flashi, mama akajishika kichwa.

"Mwanangu, nimesikia mkono wako ni mwepesi. Hizi nywele zina mwezi na nusu. Nifumulie huku tunatazama, kisha unipige mistari minane ya kurudi nyuma. Au utachoka?"

"Sichoki, mama."

Nilifurahi, kusema kweli. Kwenye kazi yangu siogopi mtu. Nikakaa kwenye kochi, yeye akaketi chini kwenye mto, kichwa chake kati ya magoti yangu. Wifi alivuta kiti chake akakiweka pembeni ya televisheni, kinatutazama sisi. Fundi alikaa mkekani, karibu na mguu wangu, na leso ameshaitoa.

Filamu yenyewe haina mambo mengi. Mwanamume anaondoka kwenda kutafuta maisha, anamwacha mke na binti mdogo. Miaka kumi na mitano haandiki barua. Mke anafua nguo za watu. Binti anasimama langoni kila Ijumaa. Siku moja ya mvua mume anagonga mlango, amekuwa mzee, ana fimbo. Mke anafungua, hasemi neno. Anachukua beseni, anachota maji ya moto, anapiga magoti anamwosha miguu. Kinanda. Basi.

Kufumua kulichukua sehemu kubwa ya filamu, na kufumua hakutaki ukucha. Kichwa cha mama kilikuwa kimetulia, cha mtu anayesikia habari anayoijua. Mara kwa mara wifi alinipitishia macho, nami nikatazama kioo cha televisheni kwa adabu. Nikamaliza kufumua, nikachana, nikapaka mafuta. Kwenye televisheni mvua ikaanza. Fundi akapumua kwa nguvu. Nikaweka ukucha kwenye paji la uso la mama na kuvuta mstari wa kwanza hadi kisogoni, mrefu, ulionyooka, nikiwaza kwamba sasa ni wakati wa kujikuna jicho.

Mzee akagonga mlango.

Chini ya vidole vyangu, ngozi ya juu ya masikio ya mama ikacheza. Nilidhani nimemvuta nywele, nikalegeza mkono. Ikacheza tena. Mke akachukua beseni, na mama akauma meno hivi kwamba niliyahisi mpaka utosini. Nikainama kidogo kumchungulia. Machozi yalikuwa yanamtoka, mawili mawili, bila sauti. Machozi yalikuwa ya kweli. Na meno yalikuwa ya kweli.

Nikavuta mstari wa pili. Mama akainua mkono akajigusa katikati ya kichwa.

"Kichwa kinapoa," akasema.

Hapo ndipo harufu ilipopanda. Kichwa cha mtu kina joto, na dawa ile ikipata joto haijifichi. Ilijaa sebule nzima.

"Nani ana mafua?" wifi akauliza.

Mke wa kaka mkubwa akaanza kuchunguza dari. Mume wa wifi akakohoa, akakumbuka kwamba gari lake halijafungwa, akatoka.

"Simamisha hiyo," mama akamwambia kaka mkubwa. Kaka akasimamisha, na mke wa kwenye filamu akabaki amepiga magoti, kitambaa mkononi. "Umenipaka nini, mwanangu?"

"Dawa ya kuchua, mama. Ilikuwa kwenye ukucha. Nilisahau."

"Ya nywele?"

"Ya macho yangu."

"Ili ulie."

"Ili nilie."

Fundi aligeuka akanitazama. Leso ilikuwa bado shavuni.

"Heri huyu anasema," mama akasema taratibu. "Hii harufu si mara ya kwanza naisikia kwenye sebule yangu." Mke wa kaka mkubwa hakuondoa macho darini. "Na bila dawa?"

"Bila dawa silii, mama."

"Mtu halii hapo?" wifi akasema. "Hapo? Basi huyo ana roho ngumu. Fundi, umesikia? Kesho ukiugua atakuchungulia tu."

"Nikiugua si nitatafuta daktari," Fundi akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Mwache aseme," mama akasema. "Hulii kwa nini?"

Mikono yangu ilikuwa bado kichwani kwake. Ningeweza kusema nimezaliwa hivyo, yakaisha. Lakini aliuliza kama anayetaka kujua.

"Yule mzee ningempa chakula," nikasema. "Ningemtandikia, maana ni mzee na mvua inanyesha. Miguu angeosha mwenyewe, mikono anayo. Na kabla hajalala ningemuuliza alikuwa wapi. Yule mama hamuulizi. Mimi nabaki nasubiri amuulize, filamu inakwisha, na machozi hayajapata nafasi."

Kaka mkubwa akageuza rimoti mkononi.

"Baba aliipenda hii filamu," wifi akasema.

"Najua, wifi. Samahani."

"Bado hujafika kuniita wifi."

"Washa," mama akasema.

Ikawashwa, ikaenda mpaka mwisho. Nikaendelea kusuka kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Fundi hakulia tena. Alikuwa anatazama mkeka. Nilipofika mstari wa tatu, majina yakaanza kupanda kwenye kioo, na mama akasimama, akavuta kitambaa akajifunga kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa.

"Inatosha kwa leo," akasema.

Nikaona hilo ndilo jibu langu. Katika kazi yangu, mteja akiondoka na kichwa nusu, harudi.

Fundi alinisindikiza mpaka barabarani. Jua lilikuwa bado liko juu. Tulipita kwenye duka la vipuri, tukapita kwa fundi viatu.

"Kutolia si shida," akasema mwisho. "Ningezoea. Lakini ungelia kwa dawa, na mimi ningeamini."

"Ndiyo."

"Ungeniacha niamini maisha yetu yote."

"Ndiyo. Nilitaka kuolewa na wewe."

Akatembea hatua chache. "Unajua mimi nalilia nini pale? Wala si miguu. Mimi miguu hata siioni. Mimi naona mlango. Anagonga. Kila tukiitazama, anagonga." Kisha akasema, "Wa kwetu hakugonga."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mwaka na nusu nimemwona akilia mbele ya filamu, na siku zote niliwaza ni kinanda kinachomfanya hivyo. Nilitaka kumshika mkono lakini aliingiza mikono mfukoni, nikasimamisha gari, nikapanda.

Jumapili hakupiga simu. Jumatatu hakupiga. Mimi si mtu wa kukimbilia simu. Nilisuka, nilichemsha maji, nilisikiliza filamu za mwenye saluni. Jumanne ilikuwa moja ya baba aliyepotea, na baba alipogonga mlango nikageuka kutazama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Sikulia. Lakini nilisubiri mpaka mlango ukafunguliwa, na mteja akaniuliza kama nimelala.

Jumatano mke wa kaka mkubwa akaja, hana hata kisingizio cha ncha.

"Mama anazunguka na kitambaa tangu Jumamosi. Nimemwambia nimmalizie mimi, amekataa. Anasema aliyeanza amalize. Ijumaa asubuhi."

"Ana hasira?"

"Nitajuaje? Yule hasira yake na furaha yake zinavaa nguo moja." Akanikodolea macho. "Kikopo changu umekitupa?"

"Kipo."

"Kitupe."

Ijumaa nilimkuta mama peke yake. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Aliketi palepale chini, nikakaa palepale kwenye kochi, nikaanza mstari wa nne. Kucha zangu zote nilikuwa nimezikata, nikagawa kwa chanuo.

Kwenye mstari wa tano ndipo alipoanza kuongea.

"Ulijuaje?"

"Sikujua kitu, mama. Nilihisi meno."

Akacheka puani, kidogo. "Watoto wanne, wakwe watatu, na hakuna aliyeyasikia haya meno." Nikafunga ncha, akaendelea. "Mume wangu ile filamu aliileta kutoka safari ya miezi minane. Miezi minane, na chakula cha watoto nakijua mimi nilikitoa wapi. Hakusema alikuwa wapi. Aliniketisha hapa, akaiweka, na pale kwenye beseni akanionyesha kwa kidole. Akasema, mwanamke ni huyu. Basi nikamtazama huyo mwanamke. Kila mwaka namtazama."

"Watoto wanajua?"

"Wao wanadhani namlilia baba yao."

"Na si yeye?"

"Ni yeye pia. Usidhani ni kitu kimoja." Akaweka kichwa sawa, maana alikuwa amekiinamisha. "Usiwaambie. Wao walikuwa wakimsubiri hapo nje, na humo kwenye filamu anafika. Waachie."

"Na Fundi?"

"Huyo hasa."

Nikagawa mstari wa sita. Jumamosi mwanawe alinilaumu kwa kutaka kumdanganya, na sasa mama mtu ananipa jambo la kumficha. Nilitafuta tofauti yake. Dawa ilikuwa ya kunifaa mimi. Hili lilikuwa la Fundi, na la mlango anaouona.

"Sitamwambia, mama."

"Analia hata kwenye tangazo la sabuni," akasema. "Utamweza?"

"Nimeshamzoea. Tena nakaa naye upande wa kulia, wa kushoto ndio anaofutia leso."

Fundi alikuja nikiwa kwenye mstari wa nane. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa vifaa, macho mekundu, si ya kulia, ya kukosa usingizi. Akamsalimu mama yake, kisha akanitazama.

"Nimetazama moja ya zile zako," akasema. "Ya yule mlinzi wa ghala aliyefungiwa ndani ya lango."

"Ukaionaje?"

"Hakuna anayemsaidia. Nilikuwa nasubiri mtu aje. Watu wanapita, wanamwona, wanakwenda zao." Akaweka mkoba chini. "Jana sikulala. Wewe unalalaje baada ya kitu kama kile?"

"Vizuri tu. Naona kuna mtu amesema ukweli, nalala."

"Mimi sitaitazama tena."

"Sijakulazimisha."

"Lakini nilipofika mwisho nilitaka kukupigia simu," akasema. "Nilitaka kukuuliza wewe ungemfanyia nini yule mlinzi."

"Ningemfungulia lango. Halafu ningemuuliza jina lake."

Akafikiri. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Mnanipigia kelele juu ya kichwa," mama akasema. "Fundi, kaa au toka, unanizibia mwanga. Wewe, wazazi wako wapo Jumapili?"

Vidole vyangu vilisimama. "Wapo, mama. Kuanzia saa nne."

"Tutafika saa tano. Nitakuja na Fundi, na kaka yake mkubwa na mkewe, na wifi yako pia, maana tukimwacha atatuona hatumjali. Mwambie mama yako tutakuwa watano."

Fundi alikaa mkekani. Nilifunga ncha ya mwisho, nikampa mama kioo, akajitazama upande huu na upande ule. Akaniambia mkono wangu ni mwepesi kweli.

Nilipokuwa nakusanya nywele zilizoanguka, Fundi akauliza tulikuwa tunazungumza nini muda wote ule.

"Habari za nywele," nikamwambia, naye akaniletea ufagio.